Funga furushi kwanza, ndipo utembee

Wamama wapenzi, wengi wenu mmeona ile filimu fupi tunayopitishiana kwenye telefone, ya mama anayekwenda eta-sivili kumwandikisha mtoto wake mchanga. Mmeniuliza mambo mawili: mwalimu, picha zile zinatembea namna gani? Na binti zetu wanaweza kujifunza kazi hiyo? Nitaanza na sababu ya filimu yenyewe.

Sheria ya nchi yetu inampa mzazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto. Zikipita, mambo yanaingia tribinali na njia inakuwa ndefu. Mimi ninafundisha darasa la sita. Kila mwaka ninapokea watoto wasio na hati ya kuzaliwa, na mama anaanza kukimbia huku na huku wakati mtihani umekaribia. Matangazo yamebandikwa ukutani, lakini asiyejua kusoma anayapita tu. Picha inayotembea na kusema Kiswahili, hiyo inamfikia.

Sasa kazi. Tunatumia programu inayoitwa After Effects. Ndani yake kila kitu ni tabaka, na matabaka yanalazwa moja juu ya jingine kama vitambaa. Mama wa filimu yetu ana matabaka 14: kichwa, kilemba, blauzi, mkono wa juu, mkono wa chini, na kadhalika. Mtoto mgongoni ana 5. Ukitaka mama avuke barabara, utasukuma matabaka 19 moja moja? Umeme utakatika kabla hajafika ng'ambo.

Mfikirieni mama anayetoka sokoni na vitunguu, ndimu na sambaza. Habebi kila kitunguu peke yake. Anatandika kitenge, anaweka vyote, anafunga. Programu nayo ina furushi lake. Unachagua matabaka yote ya mama, unabonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, unaandika jina, na yote yanaingia ndani ya kompozisio mpya. Nje linabaki tabaka moja tu, «mama». Ukilisukuma, mama anakwenda mzima. Ukilibonyeza mara mbili, furushi linafunguka, na mikono na miguu iko palepale ulipoiacha.

Furushi linaingia pia ndani ya furushi. Mtoto ana lake, humo anapepesa macho na kutikisa kichwa. Hilo limo ndani ya furushi la mama, na la mama limo ndani ya picha ya barabara. Kila moja linafanya kazi yake bila kuvuruga jingine.

Programu ina njia nyingine, inayoitwa «mzazi». Unafunga tabaka moja kwa jingine, na mtoto anamfuata mzazi: mzazi akisogea, akigeuka au akikua, naye vilevile. Lakini mzazi akififia, mtoto hafifii. Mwishoni mwa filimu yetu mama anaingia ofisini na kufifia polepole. Kwa njia ya mzazi peke yake, mama angepotea na mtoto angebaki hewani, bila mgongo. Na ukififisha kila tabaka kivyake, mkono unaonekana ndani ya blauzi na shingo ndani ya kilemba. Ukififisha furushi zima, wanaondoka pamoja kama mtu mmoja.

Faida kubwa niliiona siku tulipoonyesha filimu kwa kikundi chetu. Bibi mmoja aliomba isimamishwe. Akasema: «Mtoto wa wiki sita hafungwi hivyo, shingo yake haijashikwa. Nani atamsikiliza mama asiyejua kubeba mtoto?» Wote wakakubali. Mama huyo alikuwa anaonekana mahali saba katika filimu. Tulifungua furushi lake, tukapandisha kitenge mpaka shingoni mwa mtoto, tukafunga. Mahali pote saba pakabadilika kwa mara moja. Bibi aliridhika kabla sombe haijaiva.

Jambo la kuangalia ni hili: kwa kuwa badiliko la ndani linaonekana kila mahali, ukitaka jirani mwenye kitenge cha rangi nyingine, haitoshi kunakili tabaka lake pale nje. Nakili kompozisio yenyewe kwanza, kwenye orodha ya mradi, uipe jina jipya, ndipo ubadilishe rangi. La sivyo wanawake wote wa kartie watavaa sare. Na kila furushi lipewe jina la wazi, maana ukiwa na mafurushi ishirini yasiyo na majina utafungua yote ukitafuta ndimu moja.

Kuhusu binti zetu: ndiyo, wanaweza. Programu hii inalipiwa kila mwezi, kwa hiyo tunachanga kama likelemba na kutumia ordinatere moja kwa zamu. Maneno ya programu wanayazoea upesi. Kujua kinachokwenda na kingine, na kinachobaki peke yake, hilo binti aliyewahi kupanga mzigo wa mama yake tayari analijua. Mwenye binti wa sekondari amtume Jumamosi mchana, baada ya kazi za nyumbani. Filimu inayofuata ni ya chanjo, na tunahitaji mikono.