Sehemu ya 14: Kwa nini hatujauza ule mkweche



Wiki iliyopita niliweka picha ya kitinda mimba wetu amekaa juu ya tairi la akiba, na badala ya kuniuliza mtoto ameanza kutembea lini, mkaniuliza habari za gari. Dada mmoja akaandika, "Nesi, mshahara wote huo bado mnaendesha mkweche?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mshahara upi huo jamani?

Haya. Leo hakuna chanjo, hakuna uji wa lishe. Leo ni ule mkweche. Ila msiondoke, mtaona kwa nini nimeuleta huku.

Ni Toyota Hilux, dabo kebini, ile sura iliyotoka kati ya 1988 na 1997. Injini yake ni 3L, dizeli, cc 2,779. Haina tabo, haina kompyuta. Baba mkwe aliinunua kwenye mnada mwaka 1999, akabebea zabibu miaka yote kutoka shambani kwake hadi mjini Dodoma. Na namba iliyogongwa kwenye injini mpaka leo ndiyo ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa pikapu za umri huo hilo si jambo dogo. Nyingi ukifunua boneti unakuta injini ya mtumba ya gari jingine kabisa, na mwenyewe hajui ilitembea kilomita ngapi huko ilikotoka. Ni kama kupokea mama wa ujauzito wa nne aliyekuja bila kadi ya kliniki. Utamhudumia, lakini unahudumia kwa kubahatisha.

Sasa niwaambie nilivyokaribia kuiua hiyo injini mwenyewe, kwa mikono yangu, na kwa ajili ya maharage.

Nilipoolewa nilikuta nyumbani kwa baba mkwe mapipa mawili chini ya bati. Moja la watu, moja la bluu. Lile la bluu lilikuwa la gari. Yaani maji ya mvua, matamu, yanakingwa Desemba mpaka Aprili kwa hizi mvua zetu za kuhesabu, halafu pipa zima linawekewa gari! Sisi wanawake tunachota kisimani maji ya chumvi, gari linakunywa matamu. Niliona ni ubahili wa wazee. Sikusema, nilikuwa bi harusi, lakini moyoni nilisema sana.

Mwaka 2018 mzee akaenda kuishi kwa binti yake Singida, akatuachia pikapu na mapipa. Mimi ndiyo kwanza nina mtoto mchanga. Ninyi mnaoishi Dodoma mnajua nazungumzia nini: maharage ukiyapika kwa maji ya chumvi yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha, na nepi ukizifua sabuni haitoi povu, zinakauka ngumu kama turubai. Basi nikalichukua lile pipa la bluu. Maharage yakawa yanaiva, nepi zikawa laini. Na rejeta ya gari nikawa naijaza maji ya kisima, kila yalipopungua, kwa kikombe cha plastiki. Maji ni maji. Ndivyo nilivyojiambia.

Angalia ndani ya birika lako la chai sasa hivi. Lile gamba jeupe linalong'ang'ania chini ndilo ninalolisema. Maji yetu yana madini mengi, na yakichemka madini yanajitenga na kugandia kwenye chuma. Kwenye birika unaliona na unakwangua. Kwenye rejeta kuna vijibomba vyembamba, gamba linaziba kimoja baada ya kingine, na ndani ya injini yenyewe linajipaka kwenye kuta kama lipu, joto linashindwa kutoka kwenye chuma kuingia kwenye maji. Haiumi siku moja. Inachukua miaka miwili.

Mwaka 2020 gari likaanza kuchemsha kidogo likipanda mlima na mzigo. Tukalipeleka gereji fulani, fundi akasema dawa ni kutoa tomosteti, "hizi nchi za joto haihitajiki". Mume wangu alisita. Mimi nikasema atoe, tuna haraka. Tomosteti ni kile kimlango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto lake, ndipo kinafungua. Ukiitoa, joto la mchana linaonekana limepungua, unafurahi, kumbe umenyamazisha kengele tu. Rejeta bado imeziba. Na asubuhi za Juni na Julai, na baridi yetu hii, injini ikawa inachelewa kupata moto, inatoa moshi, inakula dizeli. Tukasema ni uzee.

Februari 2021. Zamu yangu ya usiku, zahanati ya kijiji, wilaya ya Chamwino. Mama huyu ameniruhusu kusimulia, jina nalificha. Alijifungua saa tatu usiku, mtoto mzima, kalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka, nikalikagua, kuna kipande kimebaki. Damu ikaanza. Sindano ya oxytocin, dripu mikono yote miwili, katheta, nakanda tumbo, mfuko wa uzazi unakaza kisha unalegea tena. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Wakati ule mfumo wa m-mama ulikuwa haujafika kwetu, na gari la wagonjwa la karibu lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Nikampigia mume wangu.

Hilux ikawaka mara ya kwanza. Haijawahi kukataa kuwaka, hilo lazima niliseme.

Tukamlaza mama kiti cha nyuma, mimi nimepiga magoti pale chini, mama yake mzazi mbele amempakata mtoto. Kilomita 46 hadi hospitali, nusu yake vumbi lililogeuka tope. Mume wangu anakimbiza, gia ya pili, ya tatu, korongo, ya pili tena. Baada ya kama nusu saa nikasikia anasema chini chini, "Linachemsha." Akafungua hita ya ndani mpaka mwisho, Februari ile, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Ni mbinu ya madereva: hita inachukua joto la injini na kulimwaga ndani kwa abiria. Sisi tukaoga jasho. Lakini mama alikuwa ameanza kuwa baridi mikono na miguu, na mgonjwa aliyepoteza damu anatakiwa apate joto, kwa hiyo ikawa kheri. Alikuwa analalamika, "nakufa dada, nakufa", na mimi nilikuwa nafurahia kila neno. Anayelalamika anapumua.

Kisha hita ikaanza kupuliza hewa baridi.

Nikachungulia mbele nikaona mshale wa geji ya joto unashuka. Unashuka kwa kasi. Nikasema, "Asante Mungu, limepoa!" Mume wangu akakanyaga breki, akazima gari palepale katikati ya njia. Nikamfokea. Akaniambia, "Halijapoa, Mama Neema. Maji yameisha." Kumbe ile geji inapima joto la maji. Maji yakikauka inapima hewa, inashuka, inakudanganya kwamba mambo ni shwari, na huku chuma kinaungua.

Na katika dakika ileile mama wangu kule nyuma akanyamaza.

Sitaisahau. Wauguzi wenzangu wanajua, na ninyi mnaouguza nyumbani mjue: mgonjwa aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza ghafla bila kupona, huo si utulivu. Mapigo yalikuwa mbio mbio na membamba kama uzi. Nikaingiza mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, nikaubana mfuko wa uzazi katikati, nikakaa hivyo. Mgongo umepinda, mikono inakufa ganzi, bibi anaimba nyimbo za kanisani kwa Kigogo kwa sauti ndogo.

Dakika kumi na tano tulisubiri. Unawaza kwa nini asimwage tu maji? Kwanza kifuniko cha rejeta ukikifungua ikiwa moto yanakurukia usoni. Pili, maji baridi kwenye chuma chenye moto ule yanakipasua. Bibi alikuwa na galoni la maji ya kunywa, mume wangu akayamimina polepole, injini imewashwa. Ikawaka. Inatetemeka, moshi mweupe nyuma, lakini ikawaka. Tukaenda taratibu, tukisimama kuongeza maji mara mbili. Tulifika karibu saa saba usiku. Wakamchukua, wakamwongezea damu, wakamsafisha. Yuko hai. Yule mtoto sasa anasoma chekechea na ana kelele kuliko wote.

Gari ndiyo likabaki mgonjwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukifungua mfuniko wa oili unakuta chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Fundi wa kwanza akasema tupa hiyo injini, nakutafutia ya mtumba, milioni tatu na nusu na siku mbili tu. Nilikuwa tayari kukubali, nilikuwa sitaki hata kuiona.

Mume wangu akampigia baba yake. Mzee akapanda basi kutoka Singida.

Alifika, akala, akalala. Kesho yake akaenda gereji nyingine, akasimama pale wakati rejeta inafunguliwa. Fundi akanionyesha vile vijibomba: vyeupe kabisa, vimeziba kama birika la mama ntilie. Mzee akaangalia, akaniangalia. Nilijiandaa kusikia. Akauliza, "Mama Neema, maharage yaliiva lakini?"

Nikalia pale gereji mbele za watu.

Akaniambia neno moja tu zaidi, kwamba kosa ni lake, aliacha pipa bila kueleza la nini. Na kwamba injini haijaharibika, imeumizwa. Hedi ikapelekwa kwenye mashine ikasawazishwa uso, gasketi mpya, rejeta ikazibuliwa kijibomba kwa kijibomba, mwili wa injini ukasafishwa gamba kwa dawa, tomosteti ikarudishwa. Laki nane na nusu, tulizilipa kwa miezi mitatu. Ingekuwa injini ya mtumba tungelipa mara nne, na maji yaleyale ya kisima yangeifuata humohumo.

Sasa pikapu ina daftari. Nalijaza mimi, kwa mtindo wa kadi ya kliniki: tarehe, kilomita, kilichofanyika, hudhurio lijalo. Oili kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi kila laki moja, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni na hapo kweli unazika. Kwenye rejeta ni kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua. Pipa la bluu limerudi kwa mwenyewe, na kwa ajili ya maharage tulinunua la tatu.

Kwa wenye magari na watoto nyumbani, mawili tu kutoka kwa nesi. Kulanti, yale maji ya kijani au ya pinki, ni matamu mdomoni na ni sumu, inaua figo. Usiiweke kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano. Mtoto akiinywa usingoje dalili, hospitali hapohapo. Dizeli na mafuta ya taa vilevile usiweke kwenye chupa za kunywea, na mtoto akinywa USIMTAPISHE, yakirudi yanaingia kwenye mapafu, mkimbize hospitali. Na aliyerukiwa na maji ya rejeta, mmwagilie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano viacheni jikoni, mnatupa kazi ya kukwangua kidonda.

Na simu: 115, bure, kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga mwenye dharura. Mfumo huo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa hapahapa Dodoma Aprili 2022, na pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali hutumia madereva wa kawaida wa jamii. Mume wangu naye amejiandikisha. Ameshaitwa mara sita. Mara ya nne ilikuwa saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, baridi kali, na nilimsikia kutoka chumbani akisubiri taa ya hita izime kabla ya kuwasha, bila haraka, kama alivyofundishwa na baba yake.

Dada uliyeuliza kama tunauza: shemeji yako wa Singida naye ameuliza. Mzee amesema hapana.

Sehemu ya 15 ni Alhamisi, tutarudi kwenye maziwa ya mama na wanaorudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Maswali wekeni hapa chini, inboksi imejaa.