Maji Tunayomwagilia Kila Siku

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mimea tunayoipanda katika vyungu, ndoo na makopo: mindimu, mawaridi, asmini na mengineyo. Wengi wetu tuishio mijini hatuna shamba. Ndoo tatu nne barazani ndizo bustani yetu. Na kwa baadhi yetu mimea hiyo si mapambo tu, ni riziki.

Katika ushirika wetu hapa Dar es Salaam yupo bibi mjane auzaye miche kando ya barabara. Fedha aipatayo ndiyo inayowalisha na kuwasomesha wajukuu wake. Ikafika wakati mindimu yake ikaanza kuwa ya manjano. Alimwagilia asubuhi na jioni, akaongeza samadi, na jirani mwenye nia njema akamletea majivu. Manjano yakazidi. Wateja walitazama wakapita, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Tulichanga kidogo kwa ajili ya sare za watoto, lakini tulijua kwamba mchango huisha. Tukamwomba bwana shamba aje atazame miche.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni jani. Majani machanga ya juu yalikuwa manjano, lakini mishipa yake ilibaki kijani. Kama mmea ungekuwa na njaa ya naitrojeni, majani ya zamani ya chini ndiyo yangetangulia, tena jani zima. Kama ingekuwa chumvi, kingo za majani zingeungua. Hii ilikuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Ajabu ni kwamba chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua. Akina mama tunalielewa hili. Kliniki hutuonya tusinywe chai ya rangi pamoja na chakula, kwa sababu chai huuzuia mwili kukipata chuma kilichomo katika mboga. Chakula kimeliwa, lakini damu haiongezeki.

Kilichokifunga chuma cha miche ile ni alikali. Udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali. Mimea mingi ya vyunguni hustawi kati ya 5.5 na 6.5. Tena kila namba moja ni tofauti ya mara 10, hivyo udongo uliofika 8 umekwenda mbali sana.

Alikali hiyo ilitoka wapi? Jibu lilikuwa ndani ya birika la bibi, lililojaa gamba jeupe. Kisima chake kimechimbwa penye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Udongo mwingi wa shambani huweza kuvumilia, lakini udongo wa ndoo ni kidogo. Ukimwagiliwa maji hayo kila siku, mwisho hufanana nayo. Majivu nayo ni alikali, kwa hiyo yaliongeza tatizo. Hata mchanga aliochanganya ulikuwa wa ufukweni. Tuliudondoshea siki ukatoa povu, ishara kwamba una chokaa ya makombe.

Basi tulifanya hivi. Tuliihamishia miche katika udongo mpya: udongo mwekundu, mboji iliyooza vizuri, mchanga wa mto, na vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi tuliyaosha kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, maana huku pwani mengi hulowekwa baharini. Mboji ni ya lazima, kwa kuwa huuzuia udongo usiyumbe haraka kati ya tindikali na alikali.

Kwa ndoo ambazo hatukuweza kubadili udongo wake, tulichanganya unga wa salfa, ule utumiwao na wakulima wa korosho. Tulitia kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, huku tumefunga pua kwa kitambaa. Salfa haifanyi kazi siku moja. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa tindikali polepole, kwa wiki nyingi, kwa hiyo usiongeze kwa haraka. Siki ndani ya maji husaidia kwa muda mfupi tu.

Lililo kuu, tulibadili maji. Tuliweka mfereji ukingoni mwa bati na pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliane. Mvua ya kwanza iliosha bati, iliyofuata tukaikinga. Kiangazi bibi huchanganya maji ya mvua na ya kisima, nusu kwa nusu.

Ndugu zetu wa Lushoto na Rungwe, kunakostawi chai, msituige. Huko udongo una tindikali, na unaweza kuhitaji chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka ukuta. Pimeni kwanza.

Majani ya manjano hayakurudi kuwa kijani, lakini yaliyochipuka baadaye yalitoka mabichi na yenye afya, na bibi akaanza tena kuuza.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, yupo mtunza shamba aliyeuombea muda mti wa mtini usiozaa. Hakuutukana mti, alitaka kushughulika na udongo wake. Akina mama, huenda yupo mtoto nyumbani anayefifia, nasi tunatafuta dawa ya mara moja: kiboko, au mahubiri marefu ya Jumapili. Tuangalie kwanza maneno tunayommwagia kila siku, asubuhi na jioni. Hayo ndiyo atakayofanana nayo.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.