TRINIDAD: Unakwenda kwa nani?

Ukisikia Trinidad usidhani nakupeleka visiwani kwenye kalipso. Hii ni Trinidad ya Washington, Marekani, kaskazini mashariki mwa jiji. Shuka treni stesheni ya NoMa, ifuate Florida Avenue kwa mguu, kipite Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichoruhusiwa kutoa digrii mwaka 1864, enzi za Rais Lincoln. Mbele kidogo kata kushoto. Umeingia Montello Avenue.

Nyumba za matofali zimebanana kama abiria wa daladala, kila moja na kibaraza chake mbele. Ukipita, salimia. Kwetu mgeni hapiti kimya.

Sasa basi, mwaka 2008 mtaa huu ulikuwa haulaliki. Watu walikuja na magari, wakamwaga risasi, wakatokomea. Mauaji yalipozidi, mwezi Juni mkuu wa polisi wa jiji, mama Cathy Lanier, akaweka vizuizi. Ukija na gari, afande anakuinamia dirishani: unakwenda wapi? Kwa nani? Unaishi humu, unafanya kazi humu, unampeleka mtoto shule, haya pita. Mgeni wa mtu? Toa jina na simu yake tuhakikishe. Hutaki kusema? Geuza gari, bwana. Kichekesho ni kwamba wa miguu walipita bila kuulizwa kitu!

Katika siku chache magari zaidi ya 900 yalisimamishwa. Zaidi ya 40 yakageuzwa. Julai mauaji yakarudi, na vizuizi vikarudi.

Usiwacheke polisi haraka. Ningekuwa mzazi pale, mwanangu anarudi usiku, huenda afande ningempelekea chai. Mtu anayelala chini ya kitanda kwa kuogopa risasi, ukimwambia habari za katiba anakuona umeshiba.

Lakini hebu jiweke kwenye usukani. Hujaiba, hujalewa, unamfuata mpenzi wako ambaye hata mama yake hajui. Ndiyo umtaje kwa askari, barabarani, na simu ipigwe?

Wapo waliokataa, wakageuzwa, wakaenda mahakamani. Walianza kwa kushindwa, lakini Julai 2009 mahakama ya rufaa ikawapa haki: kumsimamisha kila dereva bila kumshuku, eti kuzuia uhalifu kwa jumla, ni kuvunja katiba. Kizuizi cha kunasa madereva walevi, ruksa. Cha kuuliza unakwenda kwa nani, hapana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Montello mwenyeji aliambiwa atapona mgeni asipokuja. Usalama aliutaka, na ilikuwa haki yake. Ila baraza bila wageni, ndugu yangu, utakaa na nani jioni?

Ukifika Washington, pita Trinidad. Na ukiulizwa hodi, iwe mlangoni.