Kalamu ya Mwalimu katika Historia ya Kijiji

Wengi wetu tulipokuwa shuleni tulifundishwa historia ya Uingereza kama orodha ya wafalme, vita na sheria za bunge. Nilipopata nafasi ya kusoma nchini humo, nilikuta kwamba Waingereza wenyewe wanayo pia historia ya namna nyingine: historia ya kijiji, ya kinu na mto wake, ya watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha shule. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na makasisi na mabwana wenye nafasi, nao aghalabu waliandika habari za makanisa na za koo zenye ardhi. Mwaka 1948 chuo cha Leicester kilianzisha idara ya historia ya mahali, ikiongozwa na W. G. Hoskins. Yeye alisisitiza kwamba mtafiti asitosheke na karatasi, bali atembee kwa miguu na kuisoma ardhi yenyewe: mipaka ya mashamba, njia za kale na nyumba za watu.

Nakusudia kuwaeleza wanachuo jinsi utafiti huo unavyofanywa, na funzo moja nililolipata humo ambalo lamhusu kila mwalimu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Jamii za Uingereza zina madaftari mengi. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Tangu mwaka 1754 waliofunga ndoa kanisani walitakiwa kutia saini, na asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba. Hivyo mtafiti aweza kuzihesabu alama hizo na kukisia ni watu wangapi kijijini waliojua kuandika majina yao. Baada ya sheria ya zaka ya mwaka 1836, vijiji vingi vilichorewa ramani zinazoonyesha kila shamba, mwenye kulimiliki na mwenye kulitumia. Sensa ilianza mwaka 1801, na kuanzia ile ya mwaka 1841 tunayo majina ya watu, nyumba kwa nyumba. Si yote yaliyosalimika, kwani karatasi za sensa ya mwaka 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942.

Lakini zingatieni jambo hili: hakuna hata daftari moja kati ya hayo lililoandikwa kwa ajili ya mwanahistoria. Kanisa, mwenye kudai zaka na serikali, kila mmoja aliandika kwa haja zake. Kwa hiyo hapana budi mtafiti aanze kwa kuuliza ni nani aliyeandika, na alitaka nini.

Mimi nilipangiwa kijiji kimoja cha wakulima, mashariki mwa nchi. Miongoni mwa nyaraka zake kilikuwamo kitabu cha kumbukumbu za shule. Kanuni za elimu za mwaka 1862 zilimtaka mwalimu mkuu wa kila shule iliyopokea ruzuku ya serikali aweke kitabu cha namna hiyo. Mwalimu yeyote angejiona yumo katika kurasa zile: mvua imezuia watoto, surua imeingia, mkaguzi anatazamiwa, wavulana wamekwenda kuvuna au kufukuza ndege mashambani.

Katika kurasa za mwaka 1871 nilikutana na mvulana mmoja wa miaka tisa. Mwalimu wake alimtaja mara kwa mara: hakufika, amechelewa, hajui hesabu, ni mvivu. Lau kitabu hicho kingalikuwa ushahidi pekee, mvulana yule angalibaki mvivu hata leo. Hata hivyo, sensa ilikuwa imefanyika tarehe 2 Aprili mwaka huo huo, nami nikaitafuta nyumba yao. Nilikuta mama mjane, kibarua wa shambani, na watoto watano. Mvulana yule ndiye aliyekuwa mkubwa. Daftari la maziko lilionyesha kwamba baba yao alizikwa majira ya baridi yaliyotangulia. Nilipozilinganisha tarehe, niliona kwamba siku nyingi alizokosa zilikuwa za kupanda na za kuvuna. Hakuna karatasi inayosema waziwazi alikokuwa, lakini nyaraka tatu zikiwekwa pamoja zatuonyesha mtoto ambaye yumkini alikuwa akisaidia kulisha nyumba.

Je, tumlaumu mwalimu? Yafaa kwanza tumwulize maswali yale yale. Kanuni zile za mwaka 1862 ziliifungamanisha ruzuku na mahudhurio na mitihani: kila somo aliloshindwa mtoto, kati ya kusoma, kuandika na hesabu, liliipunguzia shule shilingi 2 na peni 8. Viwango vilibadilishwa baadaye, lakini utaratibu huo uliendelea hadi miaka ya 1890, na riziki ya mwalimu ilitegemea sana fedha hizo. Kiti kitupu darasani kilikuwa pengo katika mshahara wake. Neno "mvivu" latueleza habari za mvulana, na latueleza zaidi hofu ya mwandishi.

Njia hii yafaa sana darasani. Mwalimu awape wanafunzi waraka wa kwanza peke yake, awaombe wamweleze mtoto anayetajwa. Kisha awape wa pili, na wa tatu, akiwaacha wasahihishe maelezo yao wenyewe. Wataelewa kwamba historia hupatikana kwa kulinganisha, wala si kwa kukariri. Kazi hii haihitaji wasomi wakubwa tu. Watafiti wa Cambridge waliochapisha mwaka 1981 historia ya idadi ya watu wa Uingereza walitumia madaftari ya parokia 404, na hesabu nyingi zilifanywa na watu wa kujitolea waliokuwa wakichunguza historia ya kwao.

Ndugu wanachuo, karibuni mtakabidhiwa daftari la mahudhurio na kitabu cha kumbukumbu za shule. Msidhani kwamba hayo ni makaratasi ya kumridhisha mkaguzi tu. Mtoto wa maskini huenda asiandikwe mahali pengine popote katika maisha yake ila katika daftari lenu. Basi, kabla ya kuandika kwamba mtoto ni mtoro, ulizeni habari za nyumbani kwake, na jibu mtakalolipata liandikeni pia. Jina la mvulana yule limehifadhiwa zaidi ya miaka mia moja, na kando yake neno moja la mwalimu wake.