Nyumba ya Mkate wa Tangawizi

Nürnberg, Jumapili, 3 Desemba 2023

Nimekanda donge la kuta: unga gramu 500, nusu ngano na nusu rai, asali gramu 250, sukari 125, siagi 50, yai moja. Bekingi pauda sikutia hata chembe. Mkate wa kula na uumuke, lakini ukuta ukiumuka hupinda na kujaa matundu ndani. Siagi nayo nimeibana, kwa sababu mafuta yakizidi biskuti hukatika ovyo.

Viungo ni tangawizi, mdalasini, iliki na karafuu. Mji huu unaoka mikate ya aina hii tangu Zama za Kati: msitu wake ulikuwa na nyuki wengi, na wafanyabiashara wa viungo walipita hapa. Karafuu za Pemba ziliingia katika habari hii baadaye sana, karne ya 19. Hizi zangu ametuma shangazi kutoka Wete, na kwangu hakuna harufu inayozishinda.

"Mama, mbona hatuoki?"

"Subiri, mwanangu. Unga unakunywa asali kwanza."

Donge limefunikwa, liko kwenye baridi.

Jumatano, 6 Desemba

Siku ya Mtakatifu Nikolaus. Tumekata vipande vya kadibodi na kuvisimamisha kwa gundi ya karatasi kabla ya kugusa donge. Kosa la kipimo lionekane kwenye kadibodi, si kwenye mkate.

Donge nimelisukuma kwa kisukumio cha chapati hadi unene wa milimita 6, juu ya karatasi ya kuokea, na vipande nimevikatia papo hapo. Kipande kikibebwa kibichi hutanuka. Madirisha nimeyaweka mbali na pembe, maana pembe ndizo zinazobeba paa. Oveni nyuzi 170. Kilipotoka kila kipande, kikiwa bado cha moto na laini, nilikiwekea kadibodi yake juu na kunyoosha kingo kwa kisu na rula. Kikishapoa, nafasi hiyo imekwisha. Kisha nikavirudisha ndani kwa moto mdogo vikauke. Kipimo changu ni mabaki: ukiyavunja yanalia kau. Yakipinda, bado.

Alhamisi, 7 Desemba

Saruji: ute wa yai moja, sukari ya unga gramu 200, matone ya ndimu, kupigwa mpaka mwiko ukisimamishwa usianguke. Ikiwa nyepesi, inafaa kupambia tu.

Kuta nne zimesimama, zimeegemezwa makopo ya nyanya ndani na nje. Kila pembe nimeipaka tena kwa ndani, mstari mnene ambao hakuna atakayeuona, na hapo ndipo nguvu ilipo. Mwanangu anataka paa leo. Nimekataa.

Jumamosi, 9 Desemba

Paa limepanda. Ni la mteremko mkali kama mapaa ya mji mkongwe hapa, kwa hiyo huteleza kabla ya kukauka. Nimelikingia vikombe chini ya kingo. Peremende zitabandikwa kesho, kwani nazo ni uzito.

Usiku nimemsomea hadithi ya Hansel na Gretel ya ndugu Grimm. Katika toleo la 1812 nyumba ya mchawi ni ya mkate, paa la keki na madirisha ya sukari, tangawizi haitajwi. Mwanangu amenuna kidogo.

Jumatano, 27 Desemba

Nyumba imara, hakuna ufa. Dada aliye Tanga ameona picha na kuomba vipimo. Nimemwandikia vyote, pamoja na haya: asali na sukari hunyonya unyevu wa hewa, na kuta hulainika. Dada yangu, kwa hewa ya huko jenga kiangazi, chumba kiwe kikavu, ukuta uwe milimita 8, na nyumba iliwe ndani ya siku chache.