Wiki Tatu za Agosti

Kalubwe, Lubumbashi

Binti wa kaka yangu mpendwa,

Nkambo yako, mzazi wetu, hajambo, ila magoti yanamsumbua sasa baridi inapokaribia. Ujumbe wako niliusikiliza, kisha nikasoma ile karatasi ya shirika la kujitolea uliyonitumia, ukurasa kwa ukurasa, miwani puani. Unataka kuja Agosti, wiki tatu, ujitolee katika nyumba ya yatima hapa hapa mjini, ufundishe shule ya msingi, na nafasi ikipatikana usaidie zahanati. Umeniomba baraka. Kwa kuja, nakubariki. Hayo mengine tuyazungumze kwanza, maana nilianza uuguzi baba yako akiwa bado anavaa kaptula, na wageni wa wiki tatu nimewaona wengi wakipita wodini.

Nianze na shule, ambayo haina maneno mengi. Kwetu masomo huanza Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai. Agosti madarasa yana kufuli, walimu wako shambani au sokoni wanahangaikia riziki. Basi hao watoto wenye sare kwenye picha za shirika watatoka wapi? Wataitwa. Kuna mtu atapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya wakae kwenye madawati wakuimbie, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa na likizo yako imeangukia hapo. Hata ungekuja Oktoba, darasani ungemkuta mwenye kazi yake. Tangu serikali ilipofuta ada za shule za msingi za umma, Septemba 2019, watoto walifurika, lakini walimu wengi bado wanaitwa NU na NP, yaani walimu wapya na wengine wasiolipwa. Mtu wa namna hiyo anasimama mbele ya watoto mwaka mzima na mwisho wa mwezi harudi na kitu nyumbani. Kufundisha anajua. Halafu madarasa ya chini hapa yanasomeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chako, usinune, kinatosha kuombea bukari na sombe tu.

Nyumba ya yatima ndiyo iliyoninyima usingizi.

Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba duniani, kati ya watoto watano walio katika nyumba za namna hii, angalau wanne wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili. Sikushangaa. Hapa kwetu mtoto hufikishwa huko kwa sababu mama ameolewa tena na baba wa kambo hamtaki, au baba ameenda kuchimba shaba na kobalti Kolwezi akanyamaza, au bibi mlezi amezidiwa. Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza kumsingizia mtoto ulozi, lakini sheria iko Kinshasa na mchungaji wa kanisa la uani yuko karibu zaidi. Watoto hao wanahitaji mtu wa kuwatafutia ndugu: aende Kipushi, aende Kasenga, akae na shangazi, akae na mjomba, apatanishe, arudi tena mwezi ujao kuangalia mtoto anakulaje. Kazi hiyo haina picha nzuri, na haimalizwi kwa wiki tatu.

Sasa fikiri kuhusu nyumba inayoishi kwa fedha za wageni. Mgeni analipa ili awaone watoto. Mtoto akirudishwa kwao, kitanda kinabaki kitupu na mgeni hana wa kumbeba. Kwa hiyo mwenye nyumba hana haraka ya kumrudisha mtu. Sisemi wote wako hivyo. Nasema biashara imepangwa hivyo, na hata mtu mwema akiingia humo itamvuta. Mwaka 2013 serikali yetu ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa na wageni, kwa hofu kwamba huko walikopelekwa walitendewa vibaya au kukabidhiwa kwa wazazi wengine. Australia, mwaka 2018, ilitambua kwamba kuwaingiza watoto katika vituo vya yatima kwa ajili ya faida ni sura mojawapo ya utumwa wa leo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilionya juu ya watalii wa kujitolea katika nyumba hizo. Karatasi ya shirika lako haikutaja hata moja kati ya haya.

Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho. Nyumba siitaji. Nilikwenda kupima watoto uzito. Gari la wageni lilipopiga honi langoni, mvulana wa miaka mitatu hivi alishuka kwenye mizani kabla sijasoma namba, akakimbia, akanyoosha mikono kwa mwanamke wa kwanza aliyeshuka, mtu asiyemjua kabisa. Yule mgeni alilia kwa furaha. Akasema, tazama anavyonipenda. Mimi muuguzi niliona kitu kingine. Mtoto wa umri ule aliyelelewa na mtu mmoja wa kudumu humkimbia mgeni kwanza, hujificha nyuma ya kitenge cha mamaye, huchungulia, ndipo taratibu atoke. Anayejirusha kwenye kila kifua kinachopita ameshajifunza kwamba vifua hupita. Saa kumi gari liliondoka. Hakulia. Alirudi kukaa chini ya mwembe akaanza kuchezea kizibo cha chupa, na ule utulivu wake ndio ulionitisha.

Najua utasema: shangazi, mimi si mzungu, mimi ni wa hapo. Wewe ni wa hapa ukiingia kwa mlango wa baba yako. Ukiingia kwa mlango wa shirika, na fulana yao, na gari lao, watoto wa mtaa wa Katuba watakuita muzungu hivyo hivyo, na rangi yako haitakusaidia.

Kuhusu zahanati sina mjadala. Uko mwaka wa pili wa uuguzi. Lile ambalo hospitali ya huko kwenu Liège haikuruhusu kulifanya peke yako, hapa pia usiliguse, hata daktari akikuambia jaribu, hata mgonjwa akikuita dokta. Jinja, Uganda, Mmarekani asiyesomea udaktari wala uuguzi alifungua kituo cha kulisha watoto wenye utapiamlo. Watoto walikufa humo, akina mama wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 kesi ikaisha kwa makubaliano ya fidia. Nia yake huenda ilikuwa safi. Utapiamlo mkali hauulizi nia, unauliza kama unajua kwa nini mtoto aliyekauka hatiliwi maji ya mishipa kwa pupa.

Tena lipindue jambo lenyewe. Mwanafunzi wa ISTM, chuo cha tiba cha hapa, mwaka wa pili kama wewe, akiandika barua kwamba anataka kuja Liège wiki tatu Agosti kuwaogesha wazee katika nyumba ya wazee, bila kujua desturi zao wala kuisikia lafudhi yao vizuri, atapokelewa na nani? Viza tu ingemchukua hiyo Agosti na nyingine. Na bado Liège na Lubumbashi husemwa ni miji ndugu.

Usidhani wageni hawajawahi kutufaa. Baada ya 1960, Wabelgiji walipoondoka kwa mkupuo, Umoja wa Mataifa ulileta walimu na madaktari Wahaiti. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mmoja wao: mrefu, mkali, shati jeupe hata siku ya mvua. Alipanga nyumba, watoto wake walisoma nasi, mishahara ilipochelewa naye alichelewa kulipa dukani kama baba zetu. Wamarekani wa Peace Corps nao walikuja, tangu 1970 hadi uporaji wa 1991 ulipowaondoa. Hao walijifunza lugha kwanza, kisha wakakaa miaka miwili kijijini wakichimba mabwawa ya samaki. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa siku hizi wanalitaka jembe uwanja wa ndege wa Luano, kabla hawajajua shamba ni la nani.

Kwa hiyo njoo kwetu. Lala chumba cha binamu zako. Asubuhi utawasha makaa pamoja nami umeme wa SNEL ukiwa umekatika, na utakwenda soko la mtaa wa Kenya kununua ndagala, uibiwe bei siku ya kwanza kama kila mtu. Mchana kaa na nkambo yako. Ana mambo ya enzi mji huu ukiitwa Élisabethville ambayo baba yako hakuwahi kumuuliza, jinsi alivyovuka kutoka Kamalondo kila alfajiri kuja kufanya kazi kwa wazungu katika komini hii hii tunayoishi sasa, na jioni ikambidi avuke arudi. Nitakupeleka ISTM uonane na wanafunzi wenzako, mzungumze kama wenzako. Kama baadaye utataka kurudi kufanya kazi, maliza shule, kaa mwaka, pokea amri kutoka kwa mkuu wa wodi wa hapa. Hapo nitakutafutia nafasi mimi mwenyewe.

Na fedha, kama kweli unataka zifanye kazi: Wasalesiani wako mji huu tangu 1911, na nyumba zao za Bakanja hupokea watoto wa barabarani. Waelimishaji wao ni watu wa hapa, wanawafahamu wale wavulana kwa majina na kwa mitaa yao, na ndio wanaokwenda kuwatafuta ndugu zao. Nauli za safari hizo huwa hazitoshi.

Kwa shirika lako usijibu kwa hasira. Waandikie kiungwana, uwaulize: mwaka jana watoto wangapi walirudishwa kwa familia zao, ni nani analipwa mshahara katika nyumba ile, na Agosti utafundisha darasa la nani. Uulize pia kama amana uliyolipa inarudishwa. Majibu yao nitumie, na umwonyeshe baba yako. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza nitaanza kuihangaikia wiki ijayo, kwa sababu mihuri yetu ina mwendo wake. Kadi ya homa ya manjano usisahau, wala koti: Agosti alfajiri bado kuna ubaridi, usije ukadanganywa na ramani huko.

Shangazi yako