Zeituni za Granada

Wadau, nilipokuwa nasoma Uingereza, washikaji wangu wawili, Mjerumani na Mholanzi, walipanga wikiendi Granada, Hispania. Wao kitambulisho tu kiliwatosha. Mimi, mtoto wa Temeke, ilibidi niombe viza ya Schengen kwanza. Wakanisubiri wiki tatu. Hao ndio marafiki.

Tulizunguka Alhambra, kasri la masultani waliokabidhi mji kwa Wakristo mwaka 1492, mpaka miguu ikauma. Tukaingia mgahawani. Mhudumu akaweka sahani mezani: "Aceitunas." Wenzangu wakatazamana. Mimi nikajibu, "Zeituni!" Akacheka, akaitikia kwa kichwa.

Jamani, ni neno moja! Kiarabu kiliwafikia wao kikitokea Afrika Kaskazini, sisi kikaja na majahazi ya Bahari ya Hindi. Hata meya wao wanamwita "alcalde", neno lililozaliwa na kadhi huyu huyu tunayemjua.

Basi wikiendi nzima nikawa nawasomea wenzangu vibao, mimi niliyepekuliwa pasi uwanja wa ndege kuliko wote. Sasa niambieni, mgeni pale alikuwa nani?